Jua la Nakuru Halimngoji Mpiga Picha

Je, wajua kwamba mpiga picha aliyesimama jioni ukingoni mwa volkano ya Menengai, Nakuru, ana muda mfupi wa kazi kuliko mwenzake aliye London, hata kama kamera zao ni za aina moja? Jua linapobakisha nyuzi 6 kufika upeo wa macho, ndipo rangi ya dhahabu inapoanza kuenea juu ya mabati ya mji na maji ya ziwa. Nakuru, mwendo huo wa mwisho huchukua dakika 24 hadi 26. London mwezi Juni, huchukua karibu mara mbili.

Dunia hujizungusha nyuzi 15 kila saa, huko na huku. Ila Nakuru iko kama kilomita 30 tu kusini mwa Ikweta, na huku jua hutua likishuka karibu wima. Kaskazini ya mbali hushuka kimshazari, likiambaa na upeo wa macho kabla ya kupotea. Ndiyo maana giza letu huingia ghafla: dakika ishirini na kitu baada ya magharibi, picha bila taa huwa kazi ngumu. Na aliye ufuoni mwa Ziwa Nakuru hupunjwa zaidi, kwa sababu kuta za nyanda za juu za Mau upande wa magharibi hulificha jua kabla ya saa iliyoandikwa kwenye kalenda.

Rangi yenyewe hutoka hewani. Mwanga wa jua ni mchanganyiko wa rangi zote, na hewa hutawanya buluu zaidi kuliko nyekundu, jambo ambalo mwanasayansi Mwingereza Lord Rayleigh alilieleza mwaka 1871. Jua likiwa utosini, miale yake hupita katika hewa kidogo. Likiwa upeoni, hupita katika hewa iliyo nene karibu mara 38, buluu ikatawanyika njiani, na kinachotufikia ni manjano na wekundu. Vumbi la Januari na Februari huongeza ukungu na kufifisha vilima vya mbali. Mvua ikishanyesha, hewa huoshwa na Menengai huonekana kama imesogea.

Mchana ni habari nyingine. Mji uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 tu ya ile ya Mombasa. Hewa ikiwa haba, mwanga unaotawanyika na kuingia kivulini nao hupungua: anga hukolea buluu, jua huchoma na vivuli huwa vyeusi. Mwezi Machi na Septemba jua la adhuhuri hupita karibu juu ya utosi kabisa, na uso wa mtu aliyevaa kofia hugeuka giza tupu. Wapiga picha wa mtaani hawahitaji kufundishwa hili; humvuta mteja chini ya mti au kwenye baraza la duka.

Usitegemee pia saa ileile mwaka mzima. Urefu wa siku Nakuru haubadiliki sana, lakini mwanzoni mwa Novemba jua huchomoza kama saa kumi na mbili na robo, na katikati ya Februari huchelewa hadi karibu saa moja kasorobo. Tofauti hiyo ya nusu saa hutokana na mhimili wa Dunia ulioinama, na njia yake kulizunguka jua, ambayo si duara kamili.

Sasa tazama jinsi mji ulivyokaa. Reli ya Uganda ilifika hapa mwaka 1900, na makazi yakakua kati ya volkano upande wa kaskazini na ziwa upande wa kusini. Ukiwa kwenye ukingo wa kusini wa Menengai unatazama kaldera, yaani shimo kubwa la volkano, yenye upana wa kilomita 12 hivi, na jua linakuwa kuliani asubuhi na kushotoni jioni. Mwanga huo wa ubavuni ndio unaotokeza mikunjo ya lava nyeusi. Adhuhuri mikunjo hiyo hupotea. Baboon Cliff, iliyo magharibi mwa ziwa, hutazama mashariki. Asubuhi jua hukujia usoni na ndege huwa vivuli vyeusi juu ya maji yanayong'aa. Jioni jua liko mgongoni na rangi zote hujitokeza.

Maji nayo yana kanuni zake. Ukiyatazama kutoka juu moja kwa moja, hurudisha asilimia 2 tu ya mwanga, nawe unaona tope na mwani. Ukichutama ufuoni, hugeuka kioo na kubeba mbingu nzima. Mto Njoro, unaotoka msitu wa Mau na kumwaga maji yake ziwani, hubadilika kwa majira pia: masika huwa wa rangi ya udongo, kiangazi sehemu zake hukauka.

Na ile rangi ya waridi iliyolitangaza ziwa duniani? Ni chakula. Flamingo, yaani heroe, hula viumbe vidogo vya majini viitwavyo spirulina, na rangi iliyomo humo huingia kwenye manyoya yao. Spirulina hustawi katika maji yenye magadi mengi. Tangu takriban mwaka 2010 ziwa limefurika, magadi yamezimuliwa, na heroe wengi wamehamia kwingine, hasa Ziwa Bogoria. Lango kuu la zamani la hifadhi ya wanyama inayolizunguka ziwa lilifunikwa na maji, na migunga iliyokufa imebaki imesimama ziwani.

Si mara ya kwanza ziwa hili kupanda. Hyrax Hill, kilima kando ya mji ambako mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba mabaki ya makazi ya kale mwaka 1937 na 1938, kina alama za ufuo wa zamani. Miaka kama 10,000 iliyopita maziwa ya Nakuru na Elementaita yalikuwa ziwa moja kubwa. Tofauti ni kwamba safari hii kuna kamera, na mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021 unakua huku ufuo ukihama.

Basi ukienda, fika saa nzima kabla ya jua kuzama, kwa maana ukianza kutafuta mahali rangi ikishaingia umechelewa. Ndege weupe na ufuo wa magadi huidanganya kamera, ikaviweka kijivu. Ongeza mwanga kidogo kuliko inavyopendekeza. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na usirushe droni bila kibali. Kisha andika tarehe, saa na mahali ulipopigia kila picha. Picha nzuri isiyo na tarehe ni pambo. Yenye tarehe itamsaidia mtafiti kujua maji yalifika wapi mwaka huo.