Mgombea Ameipata Wapi Nambari Yako?

Zamani mgombea alipanda jukwaani akauhutubia umati wote kwa maneno yale yale. Siku hizi huweza kumpelekea kila mpiga kura ujumbe wake, akamtaja kwa jina na kwa wadi yake. Kinachomwezesha ni taarifa binafsi, kama vile jina, nambari ya simu na ya kitambulisho, ambazo huziacha katika daftari la wageni langoni au kwa wakala wa pesa.

Mwezi Juni 2021, Wakenya wengi waliokagua uanachama wao wa vyama kupitia eCitizen walijikuta wamesajiliwa bila ridhaa yao. Hilo si jambo dogo: huweza kumkosesha mtu kazi inayohitaji asiyefungamana na chama chochote, kama ile ya kusimamia kura.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kujua taarifa zako zinavyotumiwa, kuyapinga matumizi hayo, na kutaka taarifa za uongo zisahihishwe au zifutwe.

Kwa hiyo, tunakushauri ukague uanachama wako. Ukikuta chama usichokichagua, piga picha ya ukurasa huo kwanza, kisha uombe kujitoa. Ujumbe wa kampeni usioutaka usiufute, kwani ndio ushahidi wako. Halafu wasilisha malalamiko kwetu, Ofisi ya Kamishna wa Data. Sheria inatutaka tuyachunguze na kuyakamilisha ndani ya siku 90.