Nilivyoifuata Fugazi, Mchumba Akanuna

Mchumba wako akikuambia kwamba wiki mbili zijazo atapanda mabasi ya usiku mji hadi mji, akiwafuata wanaume wanne wanaopiga magitaa kama wamegombana nayo, ungemjibuje? Wangu alinyamaza kwenye simu mpaka kadi ikaanza kutoa mlio wa kuisha. Ndipo akauliza: "Na unalala wapi?"

Ilikuwa Oktoba 2002. Nilikuwa nasoma uhasibu kaskazini mwa Uingereza, yeye yuko London anabeba boksi usiku na kuhesabu kila pauni kwa ajili ya harusi yetu Tanga. Bendi yenyewe ni Fugazi, kutoka Washington D.C., Marekani. Wanapiga panki. Siyo panki ile ya nywele, jamani, ingawa wapo mashabiki wanaozisimamisha. Nazungumzia muziki wa kasi na kelele, unaopigwa chini kwa chini, mbali na redio na makampuni makubwa.

Kila ndugu aliniuliza: "Huo si muziki wa Wazungu?" Si kweli. Mojawapo ya bendi zilizowasha moto wa panki pale Washington ni Bad Brains, vijana Weusi. Ian MacKaye, mmoja wa waimbaji wa Fugazi, aliwaona jukwaani mwaka 1979 akiwa kijana mdogo, na hajawahi kuficha jinsi walivyombadilisha. Kwa hiyo niliposimama kwenye foleni, mara nyingi nikiwa mweusi pekee, sikujiona mgeni mwalikwa. Nilikuja kwa haki yangu.

Sasa, kwa nini kufuata? Tiketi moja haitoshi? Kwa bendi nyingi inatosha, maana unachoona leo utakiona kesho, mpaka vichekesho. Fugazi walikuwa hawaandiki orodha ya nyimbo. Mmoja akianza mlio fulani wa gitaa, wenzake wanaelewa, wanamfuata. Usiku mmoja wimbo unaoupenda unakuja mwanzoni, kesho hauji kabisa, keshokutwa unachomekwa katikati ya mwingine. Unatoka ukumbini unadai, unapanda basi tena.

Na mfuko uliruhusu. Tangu walipoanza kupiga mbele ya watu mwaka 1987, kiingilio chao nyumbani Marekani kilikuwa dola 5 hivi, na hata Uingereza walikuwa rahisi kuliko bendi zenye jina kama lao. Hawakuwa na meneja, hawakuuza fulana, rekodi zao zilitoka Dischord, kampuni ndogo aliyoianzisha MacKaye na mwenzake mwaka 1980. Walikataa hata mahojiano na magazeti yanayotangaza pombe na sigara. (Mhariri wangu aliposoma sentensi hiyo alikohoa kidogo.)

Lakini mchumba hakuwa na shida na bei. Kichwani mwake, msichana anayefuata bendi anafuata wanamuziki, basi. Nilimweleza kwamba nasafiri na rafiki yangu Mzambia, kwamba tunalala kwa wanafunzi wenzetu, na kwamba sijawahi kusalimiana na yeyote kati ya hao wanne. Akanuna vilevile. Nami nikamuuliza kuhusu Simba. Alipokuwa Tanga alisafiri juu ya lori la magunia kwenda kuiona Simba mikoani, akalala stendi, na mama yake akamsifu kwamba ana mapenzi ya timu! Mwanaume akifuata timu ni shabiki. Mwanamke akifuata bendi, anatafuta nini? Hapo alikaa kimya kwa muda mrefu, na safari hii kadi haikuwa imeisha.

Dada zangu, kama mna kitu mnachokipenda hivyo, msikifiche kwa mchumba. Wekeni mezani ratiba, nauli na mahali pa kulala, halafu mwalikeni aje aone. Mimi nilimwalika.

Alikuja usiku wa mwisho wa ziara, Jumatatu tarehe 4 Novemba 2002, ukumbi wa Forum, Kentish Town. Alikuja na koti la kazini, tishu masikioni, mikono kifuani, amekaa kipolisi. Alichotarajia ni vurugu na wasichana kubanwa. Kumbe hawa jamaa walijulikana kwa kusimamisha wimbo katikati mtu akianza kuwaumiza wenzake. Aliyezidi kiburi alitolewa nje na kurudishiwa kiingilio chake kwenye bahasha. Nilisimama mbele kabisa na hakuna aliyenigusa. Mwenzangu aliona. Alichokipenda, sijui kwa nini, ni kengele kubwa iliyofungwa kwenye ngoma za Brendan Canty. "Kama ya shule ya msingi," alinipigia kelele sikioni, na akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Hatukujua kwamba hiyo ndiyo ya mwisho. Hawakuaga, hakuna tangazo. Mwaka 2003 ikaeleweka kwamba wamesimama kwa muda usiojulikana, sababu kubwa ikiwa familia zao, na tangu hapo hawajapanda tena jukwaani mbele ya umma kama Fugazi. Nililia, nisiwafiche. Mchumba akanitazama: "Si wamekwenda kulea watoto? Ulitaka nani awalee?" Nilikasirika siku mbili, maana alikuwa na haki na mimi sikuwa tayari kumpa.

Tulioana mwaka 2004. Muziki wangu hajaupenda mpaka leo, na mimi Simba siijui hata kipa wake. Kila mmoja ana fungu lake kwenye bajeti ya nyumba na halihojiwi.

Mwaka 2011 Fugazi walianza kuweka kwenye intaneti rekodi za maonyesho yao. Walipiga zaidi ya 1,000, na zaidi ya 800 yalikuwa yamerekodiwa. Bei waliyopendekeza kwa onyesho moja? Dola 5, ile ile. Nimeshanunua 11. Huwa nasikiliza jikoni Jumapili jioni, yeye akiwa sebuleni na mpira wake, na mara mojamoja anapaza sauti niongeze kidogo, nadhani amesikia ile kengele.