Garaji inayoua mbegu: namna ya kupunguza joto chini ya mabati



Katika bonde la Ruzizi, kutoka Kamanyola mpaka Uvira, garaji ya nyumba si mahali pa gari tena. Kati yetu, wenye gari ni wachache sana. Garaji ndiyo depo. Ndani mnakuta moto ya koperative, motopompi, pompi za kupulizia dawa, bidoni za esansi, batri ya sola, na kule kwenye kona, juu ya mbao mbili, mifuko ya mbegu ya msimu unaokuja. Koperative ikikosa pesa ya kujenga depo, memba mmoja anatoa garaji yake, watu wanamshukuru, mlango unapigwa kufuli. Hakuna anayeichunguza tena ile mifuko mpaka siku ya kupanda.

Kiisha mbegu inapandwa, na nusu haioti. Hapo maneno yanaanza: mtunza depo aliuza mbegu nzuri akaweka mbovu, komite imekula pesa, na kadhalika. Tumeona koperative zikigawanyika kwa sababu hiyo. Mara nyingi hakuna mwizi hata mmoja. Mbegu ilikufa polepole, juu ya joto.

Mbegu ni kitu chenye uhai. Hata ikiwa imekauka inapumua kidogo kidogo na kula akiba yake ya ndani. Joto likiongezeka inapumua mbio zaidi na akiba inaisha. Mtaalamu wa mbegu wa Marekani, James Harrington, alitoa kanuni moja ambayo mkulima yeyote anaweza kuishika kichwani: joto likipungua kwa digri 5, maisha ya mbegu yanazidishwa mara mbili. Kwa hiyo likipanda digri 5, maisha yanakatwa nusu. Tupige hesabu. Mbegu ambayo ingekaa vizuri miezi 12 katika nyumba yenye digri 25, ikiwekwa kwenye garaji ya digri 35 itakaa kama miezi 3 tu. Na miezi 3 ndiyo ileile ya kiangazi, kati ya kuvuna mwezi wa 6 na kupanda mwezi wa 9. Kanuni hii ni ya kukadiria, haipimi kila mfuko kwa usahihi, lakini inaonyesha wazi kwa nini digri chache zinastahili jasho letu.

Joto linaingia kwa juu

Watu wengi wanafikiri joto la garaji linaingia kwa mlango pamoja na hewa ya nje. Fanyeni jaribio hili. Saa saba ya mchana, siku ya jua kali, ingieni ndani ya garaji, simameni juu ya kiti, mwinue kiganja kuelekea bati bila kuligusa. Mtasikia kiganja kinachomwa kama mbele ya makaa. Kiisha mtu mwingine aingize kipande cha kartoni kati ya kiganja na bati. Palepale joto linakatika, ingawa hewa haijabadilika. Hii ni kusema bati linatupa joto kwa miale, sawasawa na moto wa jikoni. Bati la jua kali linaweza kupita digri 60. Kila kitu kilicho chini yake kinapokea miale hiyo mchana mzima: mfuko, batri, bidoni, na kichwa cha mtunza depo.

Kile kipande cha kartoni ndicho dawa yenyewe. Garaji inataka plafo. Haihitaji kuwa plafo ya mbao za bei kubwa. Matete ya kando ya mto, yaliyosukwa kama mikeka na kufungwa chini ya miti ya paa, yanatosha. Acheni nafasi ya santimeta 30 hivi au zaidi kati ya bati na mikeka. Ukipaka juu ya mikeka udongo mwembamba uliochanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa, ni bora zaidi, mradi miti iwe na nguvu ya kuubeba. Jambo moja linasahauliwa kila mara: ile hewa iliyofungwa kati ya bati na plafo inapata moto sana, na lazima ipate pa kutokea. Toboeni matundu kwenye pembetatu za ukuta, pande zote mbili za nyumba, mwekee wavu mdogo. Bila wavu mtafuga popo na panya kule juu, na panya akishajua njia ya kwenda kwenye mbegu, joto litakuwa tatizo dogo.

Kuhusu bati lenyewe, lipakwe rangi nyeupe upande wa nje. Wengine wanatuambia: bati jipya linang'aa, si linarudisha jua? Ndiyo, linarudisha kiasi, lakini lile joto dogo linalolipata halijui kuliachilia, kwa hiyo linabaki la moto. Na likishaanza kutu na vumbi, linakunywa jua karibu lote. Rangi nyeupe inarudisha sehemu kubwa ya jua na kuachilia haraka kinachobaki. Chagueni rangi ya kuta za nje, mpake mwisho wa mvua, asubuhi mapema kabla bati halijapata moto, baada ya kusugua kutu na kuosha vumbi. Anayepanda akanyage kwenye mistari ya misumari, pale penye mti chini yake. Chokaa ni ya bei ndogo na ni nzuri sana kwa kuta, ila juu ya bati mvua inaiondoa na itabidi kurudia kila mwaka. Kuna mafundi wanaoichanganya na chumvi ili ishike. Kwa ukuta, sawa. Kwa bati, hapana: chumvi inakula bati. Na kama mnakinga maji ya kunywa kutoka paa hilo, mvua za kwanza baada ya kupaka ziachwe zimwagike.

Tumeulizwa pia kuhusu kurundika majani juu ya mabati. Ni kweli yanapooza, kama nyumba za majani za wazee wetu zilivyokuwa baridi. Lakini majani juu ya bati yanashika maji, yanaleta kutu na panya, na yanawaka. Pale ambapo kuna esansi ndani, sisi tunakataa.

Hewa, esansi na batri

Hewa ya moto inapanda. Garaji ikiwa na matundu ya chini na matundu ya juu, hewa baridi inaingia chini na ile ya moto inasukumwa nje, hata siku isiyo na upepo. Matundu ya juu peke yake hayafanyi kazi vizuri, na mlango uliofungwa kabisa unageuza garaji kuwa oveni. Matofali machache yaliyoachwa wazi, yenye wavu wa chuma, hayamwingizi mwizi.

Matundu hayo yana kazi nyingine kubwa kuliko baridi. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa. Unashuka na kutambaa chini kama maji, na unaweza kufika kwenye jiko au taa iliyo mbali na bidoni. Hewa inayotoka kwenye batri inapochajiwa ni kinyume: ni nyepesi, inapanda, nayo pia inawaka. Tundu la chini ni la mvuke wa esansi, tundu la juu ni la batri. Batri inapata faida nyingine tena, maana joto la digri 10 zaidi linakata maisha yake karibu nusu.

Hata hivyo, tunasema wazi: esansi isilale pamoja na mbegu, wala chini ya chumba cha watoto, matundu yawe mazuri namna gani. Bidoni ya lita 20 ikiongezewa joto kwa digri 20, esansi inavimba kwa karibu nusu lita. Bidoni iliyojazwa mpaka mdomoni inavimba, inavuja, na mvuke unajaza chumba. Wakaaji wa bonde hatuhitaji kufundishwa mbali. Tarehe 2/7/2010 kule Sange kamio ya esansi ilipinduka, esansi ikamwagika, moto ukashika, na zaidi ya watu 200 wakafa. Jengeni kibanda kidogo cha matofali, chenye kivuli na hewa, meta kadhaa mbali na nyumba, na bidoni zisijazwe kabisa. Dawa za shamba pia zitafutiwe mahali pake, mbali na chakula na mbegu.

Na moto ikitoka safarini isiingizwe palepale. Injini na egzosi ni makaa mengine mnayoyaingiza ndani. Iache chini ya mti nusu saa. Genereta au mashine ya kusaga haiwashwi hata siku moja ndani ya garaji iliyofungwa. Moshi wake unaua bila harufu ya kumshtua mtu.

Mchana au usiku?

Hapa ndipo tunabishana hata sisi kwa sisi. Kuta za matofali mazito ya udongo zinachelewesha joto: jua la mchana linafika ndani usiku. Kwa nyumba kama hiyo ni vizuri kufunga mchana na kufungua usiku, wakati hewa ya mlimani inashuka kuelekea ziwa. Lakini hewa ya usiku ina unyevu, hasa wakati wa mvua, na unyevu ni adui wa mbegu kama joto lilivyo. Tukikubaliana kitu, ni hiki: fungueni usiku wa kiangazi kama kuna wavu na mlinzi, lakini mbegu iwe imefungwa ndani ya bidoni safi au mifuko ya plastiki ya tabaka tatu. Mifuko hiyo inazuia unyevu na wadudu. Joto haizuii, msidanganyike.

Kwa sababu hiyohiyo msimwage maji sakafuni ili kupooza. Yanapooza kwa saa moja, na unyevu unaobaki unaleta ukungu kwenye karanga na mahindi, pamoja na ile sumu ya ukungu inayoharibu maini.

Kabla ya kufunga mfuko, hakikisheni mbegu imekauka. Chukueni chupa kavu, tieni mahindi mpaka robo, ongezeni chumvi kavu vijiko viwili, funikeni, mtikise kwa dakika chache, kiisha muiache itulie. Chumvi ikishika kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado yana maji mengi, yarudi juani. Karanga za mbegu zikae na maganda yake, zinadumu zaidi kuliko zilizobanguliwa.

Kivuli

Kwetu jua linapita karibu juu ya kichwa, hasa mwezi wa 3 na mwanzo wa mwezi wa 10. Kwa hiyo ukuta wa kaskazini na wa kusini hauchomwi sana. Ukuta wa mashariki unapigwa asubuhi, na ule wa magharibi unapigwa alasiri, wakati nyumba imeshajaa moto. Mkianza na mti mmoja, uwe upande wa magharibi. Papai inakua haraka na haina matawi ya kuangukia bati. Marakuja iliyopandishwa juu ya miti, nusu meta mbali na ukuta, inatoa kivuli na matunda. Kalitusi hatuitaki karibu na nyumba. Mlango wa chuma unaotazama magharibi upakwe nyeupe, nao utundikiwe mkeka kwa nje.

Mifuko iwekwe juu ya mbao, si sakafuni, nusu meta kutoka ukuta, na isirundikwe kuelekea bati. Tundikeni kipimajoto kwenye urefu wa mifuko, mwandike ndani ya kitabu cha depo digri za saa kumi na mbili asubuhi na za saa nane mchana. Baada ya kazi yote, kama saa nane bado inapita 30, kuna njia moja zaidi: kupanda mlima. Kila meta 100 unazopanda, joto linapungua zaidi ya nusu digri. Koperative iliyo na ndugu wa kuaminika kule Lemera inaweza kuwapa mbegu waitunze, kwa karatasi iliyotiwa sahihi pande zote mbili na uzito ulioandikwa.

Majuma matatu kabla ya kupanda, mbele ya wanamemba, chukueni mbegu 100 kutoka mifuko mbalimbali, mzifunge ndani ya kitambaa chenye maji, mhesabu zilizoota siku ya 7. Zikifika 85, pandeni kama kawaida. Zikiwa 60, ongezeni mbegu katika kila shimo. Chini ya 50, pelekeni mahindi hayo kwenye mashine ya kusaga, kama hayakutiwa dawa, na mtafute mbegu nyingine wakati bado iko sokoni.