Sarafu isiyoshikika: Biashara ndani ya michezo ya mtandaoni ina maana gani kwa kijana wa Kampala?

Mchuuzi wa Kikuubo, kichochoro cha maduka ya jumla katikati ya jiji la Kampala, huieleza kazi yake kwa maneno machache: kununua bidhaa palipo na wingi, kuiuza inapotafutwa, na kuishi kwa tofauti ya bei. Kazi hiyohiyo leo hufanywa na vijana katika pembe nyingi za dunia bila ghala, bila gari la mizigo na bila kumwona mteja uso kwa uso. Wananunua na kuuza panga, mishale, dawa na samaki ambao hawapo popote isipokuwa ndani ya mchezo wa kompyuta au wa simu.

Faida wanayoipata hulipwa kwa sarafu ya mchezo huo. Kijana anayetumia saa zake na bando lake kuikusanya hana budi kujiuliza: sarafu hii ni mali ya nani, na inaweza kununua nini nje ya mchezo?

Soko lililo ndani ya mchezo

Michezo inayozungumziwa ni ile ya kuigiza wahusika mtandaoni, ambamo maelfu ya watu huingia kwa pamoja katika dunia moja ya kubuni. Kila mchezaji ana mhusika wake: mpiganaji, mvuvi, mhunzi au mchimba madini. Ultima Online ilianza mwaka 1997, EverQuest 1999, RuneScape 2001 na World of Warcraft 2004. Toleo la Old School RuneScape, la kampuni ya Jagex ya Uingereza, liliingia katika simu za mkononi mwezi Oktoba 2018, na hivyo kuwafikia watu wasiokuwa na kompyuta.

Kwa kuwa hakuna mhusika anayeweza kufanya kila kitu mwenyewe, biashara huzaliwa yenyewe. Mvuvi anahitaji upanga, mpiganaji anahitaji chakula, mhunzi anahitaji chuma. Mwaka 2001, mtaalamu wa uchumi wa Marekani, Edward Castronova, aliichunguza dunia ya EverQuest kwa kuangalia bei ambazo wachezaji walikuwa wakiuziana sarafu yake kwa dola. Alikadiria kuwa pato la kila mkazi wa dunia hiyo isiyokuwepo lilikuwa kati ya lile la Urusi na la Bulgaria. Tangu hapo wachumi hawakuichukulia tena kama mzaha. Mwaka 2007 kampuni ya CCP ya Iceland, yenye mchezo wa EVE Online, ilimwajiri mchumi wake yenyewe.

Katika RuneScape, soko kuu lilifunguliwa Novemba 2007. Mnunuzi huandika bei aliyo tayari kulipa na muuzaji huandika bei anayoitaka. Mtambo huwakutanisha bila mmoja kumjua mwenzake. World of Warcraft hutumia nyumba ya mnada, ambayo hukata asilimia 5 ya kila mauzo.

Faida hupatikanaje?

Njia ya kwanza, na iliyo ya kawaida zaidi, ni kununua ili kuuza tena. Tuseme mchezaji anaona kwamba watu wenye haraka wanauza mshale mmoja kwa sarafu 90, na wengine wenye haraka wananunua kwa 100. Anaweka oda ya mishale 1,000 kwa 90, analipa sarafu 90,000, kisha anasubiri. Akiiuza yote kwa 100 anapata 100,000. Soko la Old School RuneScape hutoza ushuru wa asilimia 2, kwa hiyo 2,000 huondoka, na faida yake ni 8,000. Anacholipwa ni malipo ya subira: amekubali kungoja ili wengine wasingoje.

Njia ya pili ni kugeuza malighafi kuwa bidhaa. Samaki mbichi huwa na bei yake na samaki aliyepikwa ana yake. Njia ya tatu ni kusoma wakati, kwa sababu wachezaji huongezeka siku za mapumziko na mahitaji ya chakula na dawa hupanda. Ya nne, na ya hatari zaidi, ni ulanguzi: kununua kwa wingi kitu kinachotarajiwa kupanda bei mara kampuni itakapobadilisha kanuni za mchezo. Mlanguzi akikosea, hubaki na ghala lililojaa mali ambayo hakuna anayeitaka.

Ili mtu mmoja asihodhi soko zima, Old School RuneScape huweka kikomo cha idadi ya kila bidhaa ambayo mchezaji anaweza kununua katika kipindi cha saa nne. Kwa sababu hiyo, wafanyabiashara hodari hugawa mtaji wao katika bidhaa nyingi na huandika kila wanachonunua. Wahenga walikwisha kusema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na msemo huo ni kweli hata pale mali yenyewe ni picha tu kwenye kioo cha simu.

Kwa nini sarafu hushuka thamani?

Katika nchi, noti huchapishwa kwa amri ya benki kuu. Katika mchezo, sarafu mpya huzaliwa kila mhusika anapoua zimwi au anapomaliza kazi aliyopewa. Watu elfu wakiua mazimwi usiku kucha, sarafu huongezeka kuliko bidhaa, na bei hupanda.

Raia wa Uganda walio na umri wa kutosha wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Mei 1987, baada ya miaka ya mfumuko mkali wa bei, serikali ilibadilisha sarafu: shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na asilimia 30 ikakatwa kama kodi wakati wa kubadilishana. Aliyekuwa ameweka akiba yake chini ya godoro aliamka akiwa amepungukiwa.

Kampuni za michezo nazo hutafuta namna ya kuondoa sarafu katika mzunguko. Ushuru wa sokoni ni njia mojawapo. Old School RuneScape iliuanzisha Desemba 2021 kwa asilimia 1, na mwaka 2025 ikaupandisha hadi asilimia 2. Kwa mfanyabiashara anayetegemea tofauti ndogo ya bei, badiliko kama hilo linaweza kuifuta faida yake yote kwa siku moja, naye hana bunge la kulilalamikia.

Je, inageuka kuwa shilingi?

Hapa ndipo penye kiini cha suala. Katika michezo mingi mikubwa, kuuza sarafu ya mchezo kwa fedha halisi ni marufuku. Mchezaji anapofungua akaunti hukubali masharti yanayosema kwamba sarafu na bidhaa zote ni za kampuni, naye amepewa ruhusa ya kuzitumia tu. Akikamatwa akiziuza, akaunti yaweza kufungwa moja kwa moja, pamoja na kila alichokusanya.

Lipo daraja halali, lakini ni la njia moja. RuneScape ina hati ambazo mtu hununua kwa fedha halisi kisha akamuuzia mchezaji mwenzake kwa sarafu ya mchezo. Mnunuzi huzitumia kulipia uanachama wake. World of Warcraft ilianzisha mpango wa namna hiyo mwaka 2015. Kwa hiyo mfanyabiashara hodari anaweza kucheza bila kutoa fedha mfukoni. Hilo ni punguzo la gharama, wala si mshahara: hawezi kulitumia kulipa kodi ya nyumba au karo ya mdogo wake.

Hata hivyo, marufuku haikuzuia soko la uchochoroni. Mwaka 2008, Richard Heeks wa Chuo Kikuu cha Manchester alikadiria kuwa watu wapatao 400,000 walikuwa wakifanya kazi ya kukusanya sarafu za michezo ili ziuzwe, wengi mno kati yao wakiwa nchini China. Wengi waliajiriwa kwa zamu ndefu na ujira mdogo, huku faida kubwa ikibaki kwa madalali. Miaka kumi baadaye, bolivar ya Venezuela ilipoporomoka, vijana wa nchi hiyo waligeukia kuua mazimwi ya RuneScape, kwa kuwa sarafu ya kubuni ilikuwa imara kuliko ile ya serikali yao. Walifanya hivyo wakijua kuwa akaunti zao zingeweza kufungwa wakati wowote.

Ahadi ya kuondoa kikwazo hicho ilikuja na michezo inayotumia sarafu za kidijitali zinazouzika waziwazi. Axie Infinity, uliobuniwa Vietnam, uliwavutia watu wengi nchini Ufilipino mwaka 2021. Lakini sarafu waliyolipwa wachezaji, iliyokuwa imepita senti 30 za dola katika kilele chake, ilikuwa chini ya senti 1 kufikia katikati ya mwaka 2022. Machi mwaka huohuo, wezi wa mtandaoni waliiba mali yenye thamani ya zaidi ya dola milioni 600 kutoka katika mfumo uliounganishwa na mchezo huo. Malipo ya wachezaji wa zamani yalitegemea kuingia kwa wachezaji wapya. Wapya walipopungua, bei haikuwa na cha kuishikilia.

Funzo la simbi

Kwa wasikilizaji wa Kiswahili nchini Uganda, jambo hili lina mwangwi wa kihistoria. Neno la Kiganda lenye maana ya fedha, ensimbi, ni jina la simbi, yaani kauri zilizotoka Bahari ya Hindi. Kabla ya ukoloni zilifika Buganda kwa misafara ya biashara kutoka pwani, zikatumika sokoni kununua ndizi, mbuzi na nguo. Simbi haikulika wala haikuvalika kama joho. Thamani yake ilitokana na watu kukubaliana kuipokea.

Mwanzoni mwa karne ya 20, utawala wa Waingereza uliacha kuzipokea simbi kwa malipo ya kodi na ukaleta sarafu zake. Waliokuwa nazo kwa mafungu walibaki na mapambo. Hakuna aliyewaibia, aliyekuwa na mamlaka ya kuzikubali aliacha kuzikubali tu. Sarafu ya mchezo iko katika hali hiyohiyo, isipokuwa mamlaka hayo yamo mikononi mwa kampuni iliyo mbali, inayoweza kubadilisha kanuni, kufunga akaunti au kuzima mchezo wote.

Sheria na utapeli

Nchini Uganda, Aprili 2022 Benki Kuu iliwakataza watoa huduma za malipo kuwezesha sarafu za kidijitali kugeuzwa kuwa pesa za simu, au pesa za simu kugeuzwa kuwa sarafu hizo. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ilitupilia mbali shauri lililopinga agizo hilo. Anayeahidiwa kwamba mapato ya mchezo wenye sarafu ya aina hiyo yataingia moja kwa moja katika simu yake anapaswa kujiuliza yatapitia mlango gani.

Kumbukumbu ya Dunamiscoins nayo bado ni mbichi. Haikuwa mchezo, bali kampuni iliyoahidi faida kubwa kwa muda mfupi kwa jina lenye sura ya sarafu ya kidijitali. Ilifunga ofisi zake Desemba 2019, ikawaacha maelfu ya watu wakidai fedha zao. Dalili ni zilezile kila mara: faida isiyo na hasara, malipo ya kuingilia, na zawadi kwa kila rafiki unayemleta. Biashara ya kweli ndani ya mchezo haina hata moja kati ya hizo. Faida yake ni ndogo, huja polepole, na wakati mwingine haiji.

Hesabu ya kufanya kabla ya kuanza

Kijana wa Kampala analipia intaneti, na tangu Julai 2021 bando la data limekuwa na ushuru wa asilimia 12. Analipia umeme wa kuchajia simu. Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchini kote wakati wa uchaguzi, wafanyabiashara wa kila aina ya mtandao walijifunza kwamba mtaji usioweza kufikiwa hausaidii siku ya shida. Gharama hizo ni shilingi halisi, zinazotoka leo. Mapato ni sarafu ambayo kwa kawaida haitoki nje ya mchezo.

Maswali manne yanatosha kumwongoza. Je, masharti ya mchezo yanaruhusu kuuza sarafu kwa fedha? Je, akaunti ikifungwa kesho, atakuwa amepoteza burudani au amepoteza karo? Je, aliyemwalika atapata chochote kwa kumwalika? Na je, kwa saa zilezile, kazi nyingine ingemlipa kiasi gani?

Hayo hayaufanyi mchezo kuwa upuuzi. Anayejifunza kulinganisha bei, kungoja, kuweka kumbukumbu, kugawa mtaji na kukubali hasara ndogo kabla haijawa kubwa, amejifunza yale ambayo mtoto wa dukani hufundishwa na mzazi wake kwa miaka. Mtaji wa mchezoni ukipotea, humgharimu muda. Ule wa Kikuubo ukipotea, humgharimu familia nzima. Akiba ya sarafu hubaki kwa mwenye mchezo, lakini ustadi huo mchezaji anaweza kutoka nao na kuupeleka sokoni, mahali ambapo malipo hufanywa kwa shilingi.