KARANI AKIKATAA RUFAA YAKO

Tuseme umeshindwa kesi ya ng'ombe katika Mahakama ya Mwanzo. Hukuridhika. Umeandika rufaa, ukaipeleka Mahakama ya Wilaya. Karani anaitazama, kisha anakurudishia. "Siipokei," anasema. Utafanya nini?

Usirudi nyumbani kimya. Sheria ya Tanzania inakupa siku 30 tu, tangu siku ya hukumu, kupeleka rufaa hiyo. Siku zinahesabiwa.

Kwanza, uliza sababu. Pengine jina limekosewa, au ada haijalipwa. Rekebisha, urudi upesi.

Kama huoni kosa, nenda kwa hakimu mfawidhi. Mpe barua ya malalamiko, nawe ubaki na nakala yenye tarehe. Siku 30 zikipita, nakala hiyo itakusaidia kuomba muda zaidi.

Je, na hakimu naye akikataa? Juu yake ipo Mahakama Kuu. Unaweza kuiomba ichunguze kukataa huko. Kwanza huombwa kibali cha jaji, ndani ya miezi 6. Jaji hataamua ng'ombe ni wa nani. Ataangalia jambo moja: je, aliyekataa alifuata sheria? Kama hakufuata, jaji anaweza kuamuru rufaa ipokelewe. Ndipo kesi ya ng'ombe itasikilizwa.

Haki ya kukata rufaa imo katika Katiba, ibara ya 13. Karani hawezi kuifuta. Lakini ukikaa kimya, siku zitakwisha, na utaipoteza mwenyewe.