Jino Lililozibwa Bado Linaweza Kuoza

Anayetoka kuzibwa jino huamini kwamba amepona. Maumivu yametulia, shimo halionekani, na kilichobaki ni kujua kama kizibo alichowekewa ni kile bora. Naona swali hilo linakuja mapema mno. Jino huozeshwa na bakteria wanaoishi kwenye utando laini unaoganda juu ya meno. Hula sukari tunayokula na kutoa asidi. Kinywa kikishuka chini ya pH 5.5 hivi, ganda gumu la jino huanza kupoteza madini, na mate huyarudisha yakipewa nafasi. Chai ya sukari inayonywewa pamoja na chakula huyaachia mate saa kadhaa za kufanya kazi hiyo, lakini soda inayonywewa fundo moja moja tangu asubuhi hadi jioni haiyaachii. Daktari akikwangua uozo na kuziba, hayo yote yanabaki vilevile, ila utando umepata maficho mapya: ukingo ambapo kizibo hukutana na jino, hasa kati ya gego na gego, karibu na fizi, mswaki usikofika. Uozo wa ukingoni ni miongoni mwa sababu kuu za kubadilisha vizibo, na kila kikibadilishwa, jino hupungua kidogo tena.

Wapo watakaosema kwamba daktari angetumia kizibo kizuri zaidi, yote haya yasingetokea. Kweli vizibo havilingani. Amalgamu, ile ya rangi ya fedha ambayo karibu nusu yake ni zebaki, ni imara na haisumbuliwi sana na unyevunyevu. Kompositi, ile nyeupe inayogandishwa kwa mwanga wa buluu, hupendeza, lakini husinyaa kidogo inapoganda na hutaka jino kavu kabisa. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa na Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, mwaka 2014 ulionyesha kwamba magego yaliyozibwa kwa kompositi yalioza tena zaidi kuliko yale ya amalgamu. Hata hivyo amalgamu inaachwa, kwa sababu zebaki huharibu mazingira, na Mkataba wa Minamata wa 2013 kuhusu zebaki unazitaka nchi kupunguza matumizi ya amalgamu. Katika orodha ya hatua ambazo mkataba huo unazipendekeza, ya kwanza ni kuzuia meno yasioze, ili haja yenyewe ya kuziba ipungue. Vizibo mbadala vimetajwa baadaye.

Kipo kizibo cha tatu, glasi ayonoma, kilichobuniwa Uingereza karibu na 1970. Hushika jino chenyewe na hutoa floraidi, madini yanayoimarisha ganda la jino. Ndicho kilichoipa nguvu mbinu iliyoanzia Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1980, ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba bila umeme wala mashine, ambayo leo hutumika duniani kote. Lakini huchakaa upesi kwenye mashimo makubwa, na floraidi yake hupungua sana baada ya siku za mwanzo. Kizibo hiki huweza kujichajisha upya kutokana na dawa ya meno yenye floraidi. Asiyepiga mswaki hakimfaidii sana.

Wasomaji wa Arusha na Nakuru wana haki ya kuuliza: floraidi si ndiyo inayotia meno yetu rangi ya kahawia? Ndiyo, ikinywewa kwa wingi katika maji wakati meno ya mtoto yangali yanajengeka ndani ya taya. Meno ya mtu mzima yamekwisha kujengeka, na floraidi ya dawa ya meno hufanya kazi juu ya jino kisha hutemwa. Mtoto wa chini ya miaka 3 apakiwe dawa hiyo kiasi cha punje ya mchele tu.

Basi kabla ya kugharamia kizibo kingine, mwulize daktari kwa nini jino limeoza pembeni mwa kile cha kwanza. Nyumbani, pitisha uzi wa meno kati ya magego. Ukikwama au kuchanika palepale kila siku, nenda ukaangaliwe. Tumia dawa yenye floraidi sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, mara mbili kwa siku, na usiku ukimaliza tema povu, usisukutue kwa maji.