Vibarua wa Malezi Chini ya Mlima Meru

Katika Jiji la Arusha na vijiji vilivyo chini ya Mlima Meru, kazi ya muda katika vituo vya watoto huvutia makundi mawili yasiyofanana: wahitimu wa Kidato cha Nne, ambao humaliza mtihani wao Novemba na, wakifaulu, hungoja hadi Julai kuanza Kidato cha Tano, na wageni wa kujitolea kutoka ng’ambo wanaokaa wiki chache, mara nyingi wakiunganisha kazi hiyo na kupanda Kilimanjaro au kutembelea Serengeti.

Taasisi zinazowapokea ni za aina mbili, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inazitenganisha. Kituo cha kulelea watoto mchana humpokea mtoto asubuhi na kumrudisha kwa mzazi jioni, ilhali makao ya watoto humhifadhi yule asiye na mzazi, au ambaye nyumbani kwao si salama, akila, akilala na kuugulia humo. Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuamua nani apewe kazi ya muda na afanye nini, kwani mtoto wa kituo cha mchana akiondokewa na kibarua bado anaye mama atakayekuja kumchukua, lakini mtoto wa makao hana mwingine wa kumkimbilia.

Sehemu ya elimu kuhusu uhusiano wa mtoto na mlezi wake ilichimbuka hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliwatembelea akina mama wa Kiganda katika vijiji vya karibu na Kampala, akaona jinsi mtoto mchanga anavyotambaa mbali kidogo na mama, akachezea alichokiona, kisha akarudi kwake kujihakikishia kwamba yupo. Kitabu alichokitoa mwaka 1967 kilichangia kuijenga nadharia ya mwambatano, yaani maelezo ya jinsi mtoto anavyopata ujasiri kutokana na mlezi asiyebadilika. Kwa hiyo mtoto wa makao anayemrukia na kumkumbatia kila mgeni, jambo ambalo wageni hulipokea kama upendo, huenda anaonyesha jeraha la kuachwa mara nyingi. Ni jambo la kuhuzunisha mno. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizitaka nchi zishughulikie madhara ya utalii na kazi za kujitolea katika makao ya yatima.

Kituo cha mchana kina hali nyingine. Wanawake wanaodamkia mashamba ya maua ya Usa River au soko la Tengeru hawawezi kufanya kazi bila mahali pa kuwaacha watoto, na binti aliyemaliza Kidato cha Nne, anayejua nyimbo na michezo ya watoto hao, huwa msaada wa kweli akiwa chini ya mlezi wa kudumu: kunawisha mikono, kugawa uji, kubadilisha nepi na kuandika saa ambayo mtoto alilala au alipandwa na homa. Apewe ujira unaostahili, kwa kuwa kazi hiyo ni nzito. Mgeni, ambaye hata akijitolea huhitaji kibali cha ukaazi, anafaa zaidi jikoni, kwenye ukarabati au katika kuchangia mshahara wa mlezi wa kudumu.

Mzazi wa kata ya Ngarenaro au Unga Limited jijini Arusha anayemwandikisha mwanawe ana haki ya kumuuliza mwenye kituo namba ya usajili, jina la mlezi wa kudumu, na tarehe ambayo kibarua ataondoka.